UZI: Kulipokea Neno la Mungu kwa imani ni zaidi ya kulisoma. Tuingie ndani, hatua kwa hatua

#1 Karani wa Waraka (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Waebrania 4:2 si aya ya kupita mbio. Waisraeli wa jangwani walihubiriwa habari njema kama sisi, "lakini neno lile lililosikiwa halikuwafaa hao, kwa sababu halikuchanganyika na imani ndani yao waliosikia." Mungu ni yule yule, Musa ndiye msemaji, na masikio yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu. Maana yake mtu anaweza kumaliza sura zote 1,189 kila mwaka na zisimfae.

Sasa weka pembeni yake 1 Wathesalonike 2:13. Paulo anashukuru kwamba Wathesalonike "mlipopata" lile neno, "mlilipokea si kama neno la wanadamu, bali kama neno la Mungu." Kuna vitenzi viwili, na katika Kigiriki pia ni viwili tofauti. Cha kwanza ni cha kukabidhiwa kitu, kama mtu anavyopokezwa mzigo au mapokeo. Cha pili ni cha kumkaribisha mgeni ndani. Wengi wetu tunaishia kwenye cha kwanza. Tumekabidhiwa: tuna Biblia, tumesikia mahubiri, aya tunazijua kwa namba. Mgeni bado yuko mlangoni.

Nichukue aya moja tuione kwa karibu, 1 Petro 5:7: "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu."

Anza na neno la kwanza, "huku". Sentensi haikuanzia hapo. Ilianza aya ya 6: "nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari". Kumtwika fadhaa ndiyo namna ya kunyenyekea. Anayeng'ang'ania wasiwasi wake anasema kimya kimya kwamba mambo yake hayana mbebaji mwingine. Ukiikata aya ya 7 peke yake unabaki na faraja, lakini amri umeiacha nyuma.

Halafu "mkimtwika". Kiswahili kimetusaidia hapa. Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani ili auchukue yeye. Kumwonyesha tu, au kumsimulia ulivyo mzito, si kumtwika. Kitenzi hicho hicho cha Kigiriki kiko Luka 19:35, pale wanafunzi walipotupa mavazi yao juu ya mwana-punda. Vazi likishatupwa juu ya mnyama haliko tena begani mwa mtu.

Sasa kupokea. Taja fadhaa moja kwa jina lake. "Matatizo yangu" ni jumla mno na haitwikiki. Sema mbele za Mungu: "Umesema nikutwike, na umesema wewe hujishughulisha. Nakutwika hili." Kisha Amina, na uwe unaimaanisha. Amina, imani, amini, amana na mwaminifu ni maneno ya shina moja, na Mwanzo 15:6, Abramu "akamwamini BWANA", inatumia shina hilo hilo katika Kiebrania. Kusema Amina ni kuweka uzito wako wote juu ya kilichosemwa. Mwisho, fanya tendo moja dogo ambalo mtu aliyetua mzigo angelifanya: lala saa yako ya kulala, au acha kumpigia yule mtu simu ya nne.

Hatua zenyewe ni hizo. Nani anasema na nani, sentensi inaamuru au inaahidi nini, Amina ya jambo moja mahususi, na tendo. Karibuni tuongeze na kusahihishana.

---

#2 Neema ya Asubuhi

Asante mtumishi. Swali. Huku kwetu tunafundishwa kwamba, kwa Kigiriki, logos ni Neno lililoandikwa na rhema ni Neno ambalo Mungu anakusemesha wewe binafsi, na kwamba imani inakuja kwa rhema tu. Kwa hiyo tunasoma tukisubiri aya "iruke" kutoka kwenye ukurasa, kisha tunaidai. Je, ndiko kupokea kwa imani?

---

#3 Karani wa Waraka

Dada Neema, Roho Mtakatifu kweli huliangaza Neno moyoni mwa mtu, tusilipoteze hilo. Ila kulijenga juu ya maneno hayo mawili hakushiki. Fungua 1 Petro 1:23 na 1:25. Aya ya 23 inasema tumezaliwa kwa "neno la Mungu lenye uzima", na hapo ni logos. Aya ya 25 inasema "Neno la Bwana hudumu hata milele", na hapo ni rhema. Petro anazungumzia neno lile lile, na anamalizia kwamba ndilo "lililohubiriwa kwenu". Hajagawa neno la juu na neno la chini.

Madhara yake kwa msomaji ni mawili. Anaziona aya ambazo hazijamruka kama hazimhusu, hasa zile za maonyo. Na ile iliyomruka anaichukua bila kuuliza ilisemwa kwa nani.

Kuhusu kudai, soma Hesabu 14 yote kwa mkao mmoja. Mungu aliahidi nchi. Walipoambiwa wapande, wakakataa. Hukumu ikatangazwa. Kesho yake alfajiri wakaamka na kusema wako tayari kukwea mahali Bwana alipoahidi. Sikiliza maneno yao: wanaitaja ahadi, wana ujasiri, wametubu kwa midomo. Musa akawaambia wasikwee, kwa maana Bwana hayumo kati yao. Wakakwea, wakapigwa hata Horma. Ahadi ilikuwa ya kweli, na walikuwa wameitaja sawasawa. Wakati ule Mungu alikuwa amesema neno lingine, na hilo hawakulipokea.

Kwa hiyo kabla ya kusimama juu ya ahadi, iulize: imetolewa kwa nani? Ina sharti? Ni ya wakati gani? Yeremia 29:11 iko ndani ya barua kwa watu waliohamishwa Babeli. Aya ya 10 inataja miaka 70, na aya za 5 na 6 zinawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe. Mkristo anaipokea kwa halali kabisa, kupitia Kristo ambaye ndani yake ahadi zote ni Ndiyo (2 Wakorintho 1:20). Ila anapokea tabia ya Mungu asiyewasahau watu wake hata uhamishoni. Tarehe ya kufunguka kwa jambo lake haimo.

---

#4 Fundi Nyavu

Naongeza upande wa sauti, maana watu wengi wanakwama hapo bila kujua.

Yoshua 1:8 inasema kitabu cha torati "kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake mchana na usiku". Mbona kinywani, na si machoni? Kwa sababu neno la Kiebrania tunalolifasiri "kutafakari", hapo na katika Zaburi 1:2, ni la kutoa sauti ya chini. Isaya 31:4 hilo hilo ni ngurumo ya simba juu ya windo lake, na Isaya 38:14 ni maombolezo ya hua. Kutafakari kwa Biblia ni kunong'ona maneno yale yale tena na tena.

Namna ya kufanya: chukua sentensi moja, si sura. Isome kwa sauti mara saba au nane, kila mara ukiweka mkazo kwenye neno lingine. "BWANA ndiye mchungaji wangu." Kisha "Bwana NDIYE mchungaji wangu." Kisha "Bwana ndiye MCHUNGAJI wangu." Kisha "wangu". Ukifika mara ya tano kitu kinaanza kusogea ndani. Wengine huishia mara ya pili, wakasema kutafakari hakufanyi kazi.

Kosa la kawaida ni kugeuza huku kurudia kuwa nguvu. Yesu alikataza kupayuka-payuka tukidhani tutasikiwa kwa wingi wa maneno (Mathayo 6:7). Unarudia ili wewe usikie. Mungu alishasikia. Ukijikuta unahesabu mara ngapi umeisema ili jambo litokee, simama hapo hapo, soma aya iliyotangulia na inayofuata, urudi kwenye maana.

---

#5 Kijana wa Swali

Shikamooni wakubwa. Mtu akisoma akakuta moyoni ana mashaka, ndiyo basi hajapokea? Yakobo 1:6 inasema mwenye shaka ni kama wimbi la bahari.

---

#6 Mzee wa Zamu

Marahaba mwanangu. Shika Luka sura ya 1, uweke maswali mawili bega kwa bega.

Zakaria aliposikia neno la malaika aliuliza: "Nitajuaje neno hilo?" Mariamu naye: "Litakuwaje neno hili?" Kwa haraka ni kama swali moja. Mbona mmoja akawa bubu hata siku ya kumpa mtoto jina, na mwingine akaitwa heri? Zakaria anaomba kitu cha ziada ndipo akubali, yaani neno la Mungu peke yake halimtoshi. Mariamu amekwisha kukubali kwamba litakuwa, na anauliza njia. Akijibiwa, anasema: "na iwe kwangu kama ulivyosema." Elisabeti anataja kilichotokea pale kwa jina lake katika 1:45: "Naye heri aliyesadiki."

Kwa hiyo uliza. Swali la "litakuwaje" halikutoi kwenye imani. Lile la kumwekea Mungu masharti ndilo hatari. Yakobo 1:6-8 inazungumza na mtu wa nia mbili, anayeomba hekima huku moyo wake umeegemea pengine. Yule baba wa Marko 9:24 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu alimponya mwanawe. Hakumwambia arudi imani ikishakamilika.

Kwa vitendo: mashaka yakija, yaandike kama sentensi. "Sina hakika Mungu anasamehe dhambi ile ile iliyorudiwa." Likishaandikwa unaweza kulitafutia Andiko. Lisipoandikwa linabaki ukungu, na ukungu haujibiki. Na usiyapime mashaka kwa hisia. Moyo kuwa mzito siku ya huzuni ni uchovu wa mwili mara nyingi. Abrahamu, Warumi 4:19, "alifikiri hali ya mwili wake" uliokuwa kama uliokufa. Aliutazama. Hakuukana wala kujifanya haoni.

Kitu kingine, mwanangu: Bwana hakukuambia ufikie kiwango fulani cha kuhisi. Alisema imani kama punje ya haradali.

---

#7 Mlinzi wa Lango

Nipingane kidogo, kwa upendo. Naona tunachambua mno. Kigiriki, Kiebrania, muktadha. Mtoto mdogo akiambiwa na baba yake, anaamini. Huku kuchunguza kote si ndiko kutoamini kwenyewe?

---

#8 Udongo wa Nne

Kaka Mlinzi, Matendo 17:11 inajibu ndani ya sentensi moja. Watu wa Beroya "walilipokea lile neno kwa uelekevu wa moyo, wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo." Kupokea na kuchunguza havikugombana. Na Luka anawaita waungwana.

Angalia pia mpangilio. Uelekevu ulitangulia, uchunguzi ukafuata. Anayechunguza akitafuta mlango wa kutokea hachunguzi kama Mberoya. Nakubaliana nawe hapo. Ila mtoto wa mfano wako anaijua sauti ya baba yake. Wakati wa majaribu Shetani alinukuu Zaburi 91 mbele ya Yesu, na akaruka maneno "katika njia zako zote". Kujitupa kutoka kinara cha hekalu si njia yoyote aliyopewa na Baba. Asiyeujua mstari mzima angeona amenukuliwa Andiko safi.

Kigiriki si lazima. Linganisha tafsiri mbili za Kiswahili, mathalani Union Version ya 1952 na nyingine ya lugha ya karibu. Zikitofautiana, weka alama, ndipo pa kuchimba. Mfano Yakobo 1:21 ya Union Version inasema neno laweza "kuziokoa roho zenu", na anayesikia "roho" anaweza kudhani ni mambo ya baada ya kufa tu. Neno lililo nyuma yake ni la nafsi, uhai wote wa mtu. Na namba za sura na aya zisikuzuie kusoma moja kwa moja. Sura ziliwekwa karne ya 13, na aya za Agano Jipya zilipewa namba na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Petro hakuandika "5:7".

---

#9 Mkatekista

Tumsifu Yesu Kristo. Nachangia kutoka upande wa Wakatoliki, ambako tuna vitabu 73 mkononi na ninyi wengi 66. Katika hili hatupishani.

Guigo wa Pili, mmonaki wa Kikartusi wa karne ya 12, aliipanga njia hii kama ngazi ya vipago vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kutazama kwa ukimya. Pa kuangalia ni kipago cha tatu. Watu wanasoma, wanatafakari, kisha wanaandika somo la kuwafundisha wengine. Hawajasali. Neno limekuwa bidhaa ya kupitisha. Utajua umefika kipago cha tatu pale kiwakilishi kinapobadilika, kutoka "Mungu ni mwenye rehema" kwenda "Wewe ni mwenye rehema". Mabadiliko hayo ya nafsi ya tatu kwenda ya pili ni madogo kwenye karatasi, na ndipo mtu anapoanza kukutana na Mungu. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya ufunuo, ya mwaka 1965, nayo inasema kusoma Maandiko lazima kuambatane na sala.

La pili. Nehemia 8 inaonyesha Neno likipokelewa na kusanyiko zima. Walisoma tangu asubuhi hata adhuhuri, watu wakasimama, wasomaji wakaeleza maana hata wakafahamu. Kesho yake viongozi wakarudi kwa Ezra wakakuta habari ya kukaa vibandani, wakaenda kukata matawi mlimani. Walichokisoma kikawa tendo, matawi yako mabegani. Anayesoma peke yake daima hana wa kumwuliza kesho yake, "vipi, umekata matawi?"

---

#10 Udongo wa Nne

Nimelichagua jina hili kwa sababu ya mfano wa mpanzi, hebu niuguse.

Katika Luka 8, neno "kupokea" limewekwa kwenye udongo wa mwamba: "hulipokea lile neno kwa furaha", kisha wakati wa kujaribiwa hujitenga. Inatisha. Furaha ya ibada ilikuwa ya kweli na bado mizizi haikuwepo. Sasa tazama wainjili watatu wanavyouelezea udongo mzuri. Mathayo 13:23: husikia na kuelewa. Marko 4:20: husikia na kulipokea. Luka 8:15: husikia na kulishika, wakazaa "kwa kuvumilia". Ukiona Neno halizai kwako, tafuta ni kipi kati ya hivyo vitatu kimekosekana, kwa kuwa dawa ni tofauti.

Hujaelewa? Ndege huchukua kilicho juu ya njia. Dawa ni kuuliza, na kusoma polepole. Umeelewa ila hujakubali? Mara nyingi ni aya ya amri, si ya ahadi: msamehe, lipa deni, acha. Dawa ni upole, "mkapokee kwa upole neno lile lililopandwa ndani" (Yakobo 1:21), na sentensi hiyo inaanza kwa kuweka mbali uchafu. Kuna dhambi inayoziba sikio, na kuongeza sura za kusoma hakutaizibua. Umekubali ila halikai? Hapo ni miiba, shughuli na mali. Dawa ni kupunguza kitu, na watu wengi wanataka kuongeza.

Kwenye amri ndiko penye kipimo cha kweli. Linganisha baba na mwana. Mfalme Yosia aliposomewa kitabu na Shafani mwandishi, 2 Wafalme 22, alirarua mavazi yake na kutuma watu wakamwulize Bwana. Mwanawe Yehoyakimu, Yeremia 36, ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, moto unawaka mbele yake. Kila zilipokwisha kusomwa kurasa tatu nne anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni, hata gombo likaisha. Aya ya 24 inasema wazi kwamba hawakuogopa wala hawakurarua mavazi. Na mmoja wa waliomsihi asilichome ni Gemaria mwana wa Shafani. Sisi hatuchomi. Tunaruka. Tukifika "mpendeni adui" jicho linateleza hadi aya inayofuata, na kurasa tatu nne zimekwisha kukatwa.

Mungu alimwambia Yeremia atwae gombo jingine, maneno yale yakaandikwa tena, na mengine mengi yakaongezwa.

---

#11 Neema ya Asubuhi

Hapo kwenye kuruka, Mungu anisaidie. Sasa naomba kiasi. Kwa siku nisome kiasi gani ili nipokee, nisikimbie?

---

#12 Fundi Nyavu

Dada, tenganisha kusoma kwa upana na kusoma kwa kina. Ukivichanganya vyote vinaharibika.

Upana: Agano Jipya lina sura 260. Sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, unamaliza katika wiki 52 kamili, na siku mbili za kila wiki zinabaki za kufidia ulichokosa. Usijaze siku hizo. Mipango mingi ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka, sura tatu na zaidi kwa siku, huvunjika Mambo ya Walawi. Mtu akichelewa siku sita anahisi ana deni, anasoma mbio kulipa, na kulipa deni si kupokea.

Kina: chagua waraka mfupi, kaa nao wiki mbili. Wafilipi una aya 104. Ukiusoma kwa sauti bila haraka ni kama robo saa. Siku tatu za kwanza usome wote, usiandike kitu. Siku ya nne anza kipande kwa kipande, aya tano hadi kumi. Katika kila kipande chukua sentensi moja tu ya kutembea nayo. Jioni uliza maswali mawili: niliikumbuka saa ngapi, na ilinibadilishia nini? Ukikuta hukuikumbuka kabisa, rudi na ile ile kesho. Usiende mbele. Hiyo si adhabu. Mbegu iliyolala juu ya njia inarudishiwa udongo.

Zaburi 119 ina mafungu 22 ya aya nane nane. Fungu moja kwa siku kabla ya kusoma linakufundisha maneno ya kuomba: "Unifumbue macho yangu niyatazame maajabu yatokayo katika sheria yako," aya ya 18. Hiyo iombe kila siku kabla ya kufungua.

---

#13 Mzee wa Zamu

Niweke na la kungoja, maana hapo ndipo wengi huachia.

Mwanzo 12:4, Abramu ana miaka 75. Isaka anazaliwa baba yake ana 100. Ni miaka 25 kati ya neno na mtoto, na katikati iko Mwanzo 16, ambako walijaribu kuisaidia ahadi. Waebrania 11:13 inakwenda mbali zaidi: wako waliokufa "wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali na kuzishangilia." Walilipokea neno, kilichoahidiwa hakikufika mikononi mwao. Kwa hiyo asije mtu akamwambia mgonjwa ambaye hajapona kwamba hakupokea Neno. Hana ruhusa ya Maandiko kusema hivyo.

Unangojaje? Danieli 9. Anasoma vitabu, anakuta kwa Yeremia hesabu ya miaka 70. Mwingine angesema, basi imeahidiwa, nikae. Danieli akauelekeza uso wake kwa Bwana, kwa kufunga, nguo za magunia na majivu, akaungama dhambi za taifa. Kwake ahadi ndiyo iliyompa sababu ya kuomba. Sema na Mungu kwa maneno yale yale aliyosema yeye, huku ukiungama kilicho upande wako.

---

#14 Kijana wa Swali

Naweka kazi hapa mnisahihishe. Wafilipi 4:6-7.

Nani na nani: Paulo, akiwa kifungoni, kwa kanisa la Filipi. Amri: msijisumbue, ombeni. Ahadi: Mungu atanipa nilichoomba. Amina: nimeomba nafasi ya masomo, nimeamini nimeipata. Tendo: siombi tena jambo hilo.

---

#15 Karani wa Waraka

Umefanya vizuri kuiweka wazi, kijana. Kifungo ni sahihi, 1:13 inakitaja. Marekebisho matatu.

Ahadi: soma tena aya ya 7 polepole. "Na amani ya Mungu, ipitayo akili zote, itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu." Nafasi ya masomo haimo. Kilichoahidiwa ni mlinzi. "Itawahifadhi" ni neno la askari wanaolinda mji. Kwa hiyo unachokipokea leo kwa imani, kabla ya jibu lolote kuja, ni moyo wenye ulinzi. Nafasi yenyewe iombe chini ya 1 Yohana 5:14, sawasawa na mapenzi yake.

Amri: umeruka maneno matatu, "pamoja na kushukuru". Hayakuwekwa kwa adabu. Shukrani ndiyo inayoonyesha kwamba unamwomba unayemwamini. Andika mambo matatu aliyokwisha kukutendea kuhusu masomo, uyataje kwanza.

Tendo: aya inasema "katika kila neno", kwa hiyo huzuiwi kuomba tena. Ulichokatazwa ni kujisumbua. Tendo lako la leo liwe hili: wasiwasi wa ile barua ya majibu ukija, saa yoyote, ugeuze papo hapo kuwa sentensi moja ya ombi na moja ya shukrani, kisha rudi kwenye kazi iliyo mkononi.

Kesho chukua aya ya 8 na ya 9, usome kwa sauti. Aya ya 7 imeahidi amani ya Mungu. Angalia aya ya 9 inamalizia kwa kumwahidi nani, na imeweka kitenzi gani mbele ya ahadi hiyo. Lete majibu hapa.

---

#16 Kijana wa Swali

Nimeisoma sasa hivi, sikungoja kesho. "Yatendeni hayo; na Mungu wa amani atakuwa pamoja nanyi." Naanza kuandika yale matatu ya shukrani.